Riwaya, filamu au historia: uchague ipi kwa kisa cha kweli ulicho nacho?

Mtu mwenye kisa cha kweli, kiwe cha ukoo wake, cha mgomo, cha kesi au cha vita, mara nyingi huchagua namna ya kukisimulia kwa kufuata mapenzi yake. Mpenzi wa riwaya huanza kuandika sura ya kwanza. Mpenzi wa sinema huanza kuona picha kichwani, na aliyelelewa na maktaba hufungua daftari akaorodhesha tarehe. Mapenzi ni kigezo halali, ila hayatoshi. Kwa maoni yangu swali la kwanza liwe hili: ni jambo gani katika kisa hiki hulijui, na huenda hutalijua kamwe? Kila kisa cha kweli kina pengo. Kuna mazungumzo ambayo hakuna aliyeyaandika, kuna siri iliyozikwa na mwenyewe, kuna uamuzi ambao sababu zake hakuna anayezijua. Riwaya hulijaza pengo hilo, filamu hulifunika, na historia hulitaja waziwazi kisha ikaliacha. Tofauti nyingine zote, za gharama, za urefu, za hadhira, ni muhimu, lakini kwangu zinafuata nyuma ya hiyo.

Kipo kisa kimoja kinachotusaidia kulinganisha bila kubahatisha, kwa sababu kimesimuliwa kwa njia zote tatu na watu waliokuwa mabingwa wa kazi zao.

Kisa cha Artigat

Mwaka 1548, katika kijiji cha Artigat kusini mwa Ufaransa, mkulima kijana aitwaye Martin Guerre alituhumiwa kumwibia baba yake nafaka. Akatoweka, akamwacha mkewe Bertrande de Rols na mtoto mdogo wa kiume. Miaka minane ikapita. Mwaka 1556 akatokea mtu akasema yeye ndiye Martin. Aliwataja watu kwa majina yao, alikumbuka mambo ya nyumbani ya zamani, na Bertrande akampokea. Waliishi kama mume na mke zaidi ya miaka mitatu, wakapata watoto wawili wa kike, mmoja akafariki.

Kisha ukazuka ugomvi wa mali kati ya mtu huyo na Pierre Guerre, baba mdogo wa Martin, na shauri likafika mahakamani katika mji wa Rieux. Watu wapatao 150 walihojiwa. Wako walioapa kwamba huyu ni Martin, wako walioapa kwamba ni Arnaud du Tilh, mtu wa kijiji kingine aliyejulikana kwa jina la utani la Pansette, na kundi kubwa zaidi ni la waliosema hawawezi kuamua. Fundi viatu alieleza kwamba mguu wa Martin ulikuwa wa kipimo cha 12, na wa mshtakiwa ni wa 9. Mshtakiwa akahukumiwa kifo, akakata rufaa Toulouse. Majaji wa huko walikuwa wameanza kuelekea upande wake pale alipoingia mwanamume mwenye mguu wa mti. Huyo ndiye alikuwa Martin halisi. Mguu wake aliupoteza katika mapigano ya Saint-Quentin mwaka 1557, alikokuwa akipigana upande wa Wahispania. Septemba 1560 Arnaud du Tilh alinyongwa Artigat, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi kama bwana wake.

Haya tunayajua hasa kwa sababu jaji mmoja wa Toulouse, Jean de Coras, alichapisha kitabu juu ya kesi hiyo mwaka 1561. Lakini Coras alikuwa jaji, na alichoandika ni kile kilichosemwa mbele yake. Je, Bertrande alijua kwamba mtu anayelala naye siye mumewe? Kama alijua, alijua siku gani, na kwa nini alinyamaza? Hapo ndipo penye pengo, na hakuna hati inayolifunga.

Mwandishi wa Marekani Janet Lewis alilijaza mwaka 1941 kwa riwaya fupi. Alimweka msomaji ndani ya nafsi ya Bertrande na kumwacha humo mpaka mwisho. Tunaishi na furaha yake ya kumpata mume mpole kuliko yule aliyeondoka, kisha tunaishi na shaka inayoingia polepole, hadi dhamiri inamlazimisha amshitaki mtu anayempenda. Hakuna shahidi aliyempa Lewis shaka hizo. Amezitunga, na amezitunga vizuri kiasi kwamba msomaji huona ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1982 ikatoka filamu ya Daniel Vigne, Gérard Depardieu akiigiza kama mume wa bandia na Nathalie Baye kama Bertrande. Mshauri wake wa mambo ya kihistoria alikuwa Natalie Zemon Davis, mwanahistoria aliyeijua karne ya 16 ya Ufaransa kwa undani. Filamu ilipokamilika, Davis hakuridhika. Mwaka 1983 alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya kisa kilekile, na katika utangulizi akaeleza kwamba katika filamu hiyo nzuri hakuona nafasi ya zile "huenda" na "inawezekana" ambazo mwanahistoria huzihitaji pale ushahidi unapopungua au unapokanganya. Aliorodhesha pia vilivyoachwa: asili ya ukoo wa Guerre, ambao ulikuwa wa Wabasque, watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, Uprotestanti uliokuwa ukienea vijijini, na mgongano uliokuwamo ndani ya jaji mwenyewe. Hata hivyo alikiri kupata kitu. Kumtazama Depardieu akitafuta njia ya kuingia katika nafasi ile kulimfungulia namna mpya ya kumfikiria yule tapeli na kile alichofanikiwa kukifanya.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinaondoa kisingizio kimoja. Huwezi kusema tofauti imetokana na ubora wa waandishi, wala na ugumu wa kisa. Kisa ni kimoja, pengo ni lilelile, na kila aina imelitendea kwa tabia yake.

Filamu: uso hauna "huenda"

Katika filamu, Bertrande anapomwona mgeni kwa mara ya kwanza, lazima uso wake ufanye kitu. Utakunjuka, utasita, utabaki mkavu. Mwongozaji hawezi kuandika chini ya picha kwamba vyanzo havikubaliani. Kila kipande kinachopigwa ni uamuzi: nguo hii na si ile, mwanga wa asubuhi au wa jioni, mlango umefungwa au uko wazi. Kwa kasi ya kawaida ya picha 24 kwa sekunde, mtazamaji hapewi muda wa kuuliza haya mmeyajuaje. Pengo limefunikwa kwa ngozi, kitambaa na sauti, na ukitoka ukumbini hukumbuki kwamba lilikuwapo.

Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa, na ndiyo hatari yake. Tazama lililotokea kwa filamu ya mwongozaji wa Kisovieti Sergei Eisenstein ya mwaka 1925 juu ya maasi ya mabaharia wa meli ya kivita ya Urusi, Potemkin. Onyesho lake la askari wakishuka ngazi za mji wa bandari wa Odessa kwa safu huku wakiwapiga risasi raia limekuwa maarufu kuliko tukio lenyewe. Watu waliuawa Odessa mwaka 1905, hilo ni kweli. Lakini mauaji ya kwenye ngazi kama yanavyoonekana pale yamesukwa na mwongozaji. Leo ukitaja mwaka huo wengi huona ngazi. Ukichagua filamu kwa kisa chako, jua kwamba picha utakayoibuni ndiyo itakayobaki vichwani mwa watu, hata mwa wale waliokuwapo.

Kwa upande mwingine, hakuna kinacholeta mwili wa tukio kama filamu. Mwongozaji wa Italia Gillo Pontecorvo alipiga filamu yake ya vita vya Algiers katika mitaa yenyewe, kwa rangi nyeusi na nyeupe yenye chembechembe, ikatoka mwaka 1966, miaka minne tu baada ya Algeria kupata uhuru. Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, katika mji huo, alishiriki kuitengeneza na akaigiza humo nafasi inayofanana na yake mwenyewe. Ilifanana mno na picha za habari hata ikabidi Wamarekani waambiwe mwanzoni kwamba hakuna kipande chochote cha picha za habari kilichotumiwa. Woga wa mwanamke anayepita kizuizini na kikapu, kelele za wanawake usiku kutoka madirishani: riwaya ingehitaji kurasa kadhaa kukufikisha hapo, na kitabu cha historia kisingekufikisha.

Kuna wakati filamu hukataa kufunika. Mwaka 1950 mwongozaji wa Japani Akira Kurosawa, akitumia hadithi fupi za mwandishi Ryunosuke Akutagawa, alionyesha kifo kimoja kikisimuliwa mara nne na watu wanaopingana, bila kutuambia nani asadikiwe. Lakini angalia gharama aliyolipa: filamu nzima imejengwa kwa ajili ya shaka hiyo moja. Kama shaka ndiyo kiini cha kisa chako, njia hiyo ipo. Kama shaka ni jambo mojawapo kati ya mambo kumi unayotaka kuyasema, filamu haitakubebea.

Nafasi nayo ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Katika skripti, ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa karibu dakika moja ya filamu. Saa mbili ni kurasa 120, tena kurasa zenye nafasi nyingi nyeupe, wakati riwaya ya kurasa 300 inaweza kubeba maneno elfu tisini. Ndiyo maana ukoo wa Guerre ulipoteza Ubasque wake. Ndiyo maana pia shangazi watatu wa kisa chako watageuka kuwa shangazi mmoja, na miaka kumi na miwili ya kesi itakuwa majira mawili. Asiye tayari kuunganisha watu na kukata miaka asianze.

Na kuna jambo la mikono mingi. Riwaya unaiandika peke yako. Filamu inapita kwa mtunzi wa skripti, mwongozaji, mpiga picha, waigizaji, mhariri na mwenye fedha, na kila mmoja ana haki ya kukisogeza kisa kidogo. Wako wanaolalamika kwamba kisa chao "kimeharibiwa". Mara nyingi kimefanyiwa kile ambacho filamu hukifanya siku zote.

Historia: kazi ya kujibu

Historia inatakiwa kujibu swali moja kila mara: umejuaje? Kila sentensi iwe na kitu nyuma yake, iwe ni hati, barua, kumbukumbu ya mahakama, kaburi, au shahidi aliyehojiwa. Tanbihi zipo kwa ajili hiyo. Msomaji anayekushuku anapewa njia ya kwenda kukagua mwenyewe, jambo ambalo si riwaya wala filamu humpa.

Watu wengine huogopa historia wakidhani ni lazima iwe orodha ya tarehe. Sivyo. Mwananadharia wa historia Hayden White alionyesha mwaka 1973 kwamba hata wanahistoria wakubwa wa karne ya 19 waliyasuka matukio kwa umbo la hadithi: huyu akaona tanzia, yule akaona ushindi wa shujaa, mwingine akaona kejeli. Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya hapo, alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba hotuba zilizomo katika kitabu chake si neno kwa neno. Aliwapa wasemaji maneno yaliyofaa hali ile, akijaribu kubaki karibu na maana ya jumla ya walichokisema. Kwa hiyo msuko upo katika historia pia. Kinachoitofautisha na riwaya ni kwamba Thucydides alilazimika kulitangaza hilo, na sisi tuna haki ya kumbana nalo.

Kubanana huko ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwaka 1988 mwanahistoria Robert Finlay alimshambulia Davis katika jarida la wanahistoria kwa hoja nzito: kwamba Bertrande wake, mwanamke mwerevu aliyejua kila kitu na kushirikiana na tapeli, ametoka zaidi katika mawazo ya Davis kuliko katika ushahidi. Davis akamjibu katika jarida lilelile, hoja kwa hoja. Mimi naegemea upande wa Davis, kwa sababu alisema wapi anakisia, lakini lililo muhimu kwako unayechagua ni kwamba mjadala wa namna hiyo uliwezekana. Hakuna anayeweza kumwandikia Janet Lewis kwamba shaka za Bertrande wake hazina ushahidi. Swali lenyewe halishiki.

Historia basi ndiyo chaguo pale kisa kinapopingwa. Kama yupo mtu, familia, jeshi au serikali inayosema jambo hilo halikutokea, au kwamba waliokufa ni wachache, riwaya nzuri kuliko zote duniani haitakusaidia. Watasema ni hadithi tu, na watakuwa sahihi. Mfano wenye uchungu ni wa kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar, Senegal. Tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wa Kiafrika waliokuwa wamerudi kutoka vitani Ulaya, waliokuwa wakidai malipo yao. Hesabu rasmi ya Wafaransa ilitaja vifo 35. Wanahistoria wameipinga, wakipekua nyaraka, wakilinganisha idadi ya waliopanda meli na idadi iliyofika kambini. Mwandishi na mwongozaji wa Senegal Ousmane Sembène, pamoja na Thierno Faty Sow, waliitengenezea filamu mwaka 1988, na filamu hiyo ilifanya jambo ambalo hakuna karatasi ingeliweza: iliwarudishia askari wale sura, mizaha, hasira na heshima. Lakini filamu haiwezi kumwambia mtu ni wangapi waliozikwa. Kwa swali hilo hakuna njia ya mkato, ni nyaraka na makaburi.

Kama vyanzo vyako ni vinywa vya wazee, usijione uko nje ya mlango wa historia. Mwanahistoria Jan Vansina alitetea tangu mwaka 1961 kwamba mapokeo ya mdomo ni chanzo halali, mradi yachunguzwe kama vyanzo vingine: nani alisema, aliyasikia kwa nani, alikuwa na faida gani kuyasema hivyo, na je, msimulizi mwingine asiyemfahamu anasema hivyohivyo?

Riwaya: ndani ya kichwa cha mtu

Riwaya ina kitu kimoja ambacho wenzake wawili hawana, nacho ni njia ya kuingia akilini mwa mtu na kukaa humo kadiri unavyotaka. Kamera huona machozi. Haioni kwamba anayelia analia kwa sababu ya jambo jingine kabisa. Mwanahistoria anaweza kulisema hilo iwapo tu mtu huyo aliandika barua. Mwandishi wa riwaya hahitaji ruhusa hiyo. Anaweza kukaa kurasa ishirini katika dakika moja ya kusitasita mlangoni, kisha akavuka miaka kumi kwa sentensi moja, na msomaji asihisi kutupwa. Anaweza kuchagua msimulizi anayejua yote, au wa nafsi ya kwanza anayejidanganya mwenyewe, na uongo huo ukawa ndiyo hadithi.

Kwa hiyo ukiona kwamba kinachokunyima usingizi katika kisa chako ni swali la aina ya "alikuwa akiwaza nini?", chagua riwaya bila wasiwasi. Hasa kama mhusika amekwisha kufa, hakuacha maandishi, na waliomjua wanasema tu alikuwa mkimya. Historia ya mtu huyo itakuwa na ukurasa mmoja. Filamu yake itakuwa uso mzuri unaotazama dirishani. Riwaya yake inaweza kuwa kazi kubwa.

Lakini uhuru huo una deni, nalo ni uaminifu kwa msomaji. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya mwaka 1969 juu ya Kinjeketile, mtu wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, alisema kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu. Anafanana kwa matendo na yule wa historia, ila si yuleyule. Ni maelezo mafupi, na yanamlinda kila mtu: yanamlinda marehemu asisingiziwe, na yanamlinda msanii asiburutwe kwenye ukweli wa tarehe. Ningependa kila riwaya ya kisa cha kweli ianze na ukurasa wa namna hiyo. Na pale unapombunia mtu halisi uovu ambao huna uhakika nao, badilisha jina, badilisha kazi, badilisha mji. Watoto wake wapo na wanasoma.

Hatari ya pili ya riwaya haisemwi sana. Mwandishi aliyefanya utafiti mwingi hushindwa kuuacha. Anaingiza bei za nafaka, majina ya magavana, aina ya bunduki, na mhusika anasimama akisubiri mwandishi amalize mhadhara. Mwandishi wa Urusi Tolstoy aliweza kusimamisha riwaya yake ya vita vya 1812 ili abishane juu ya sababu za historia, na hata wasomaji wanaompenda huruka kurasa hizo. Ukiona unatamani kuthibitisha jambo ndani ya riwaya, huenda unaandika historia bila kujua.

Nani atakisoma, na kwa mfuko gani

Hapa nitapita haraka kwa sababu mengi yanajulikana. Riwaya na historia zinahitaji muda, meza na uvumilivu, na historia huongeza safari za kwenye hifadhi za nyaraka na ruhusa za kuzisoma. Filamu ya maigizo yenye mavazi na mandhari ya zamani ndiyo ghali kuliko zote, na kila mwaka unaorudi nyuma huongeza gharama, maana nguzo ya umeme inayoonekana kwa mbali inaharibu karne nzima.

Hadhira ndiyo inayoweza kupindua hesabu yote. Sembène alianza kama mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Mwaka 1960 alichapisha riwaya juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi mto Niger, ulioanza Oktoba 1947 na kumalizika Machi 1948. Kazi ilisifiwa, lakini watu aliowaandika wengi wao hawakuweza kuisoma. Akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa mtu mzima, na mwaka 1968 akatoa filamu inayozungumza Kiwolofu. Hakuacha kuandika, wala hakusema riwaya ni duni. Alitambua tu kwamba wenye kisa wana haki ya kukipokea. Kama watu wa kisa chako hawasomi vitabu, au hawasomi lugha unayoiandikia, sababu hiyo pekee inaweza kutosha kukupeleka kwenye filamu, pamoja na udhaifu wote nilioutaja.

Wengine watauliza kuhusu filamu ya hali halisi, yenye mashahidi wanaoongea mbele ya kamera. Ni njia nzuri mashahidi wakiwa hai na wakiwa tayari, kwa sababu mtazamaji anaona uso wa mtu anayekumbuka, pamoja na kusita kwake. Hapo kamera inapata "huenda" yake, kwa kuazima kinywa cha mwingine. Udhaifu wake huanza pale ambapo hapakuwa na picha yoyote ya tukio. Watengenezaji hujaza kwa maigizo mafupi yenye ukungu na muziki mzito, na tatizo la kufunika pengo linarudi kwa mlango wa nyuma.

Ningechagua hivi

Ningekuwa na kesi ya zamani yenye kumbukumbu kamili za mahakama na wahusika wote wamekufa, ningeandika historia, na ningejitahidi isomeke kama hadithi. Ningekuwa na mgomo, maandamano au safari ambapo umati wenyewe ndio mhusika, ningetafuta mwongozaji, kwa kuwa umati katika riwaya hugeuka majina, na katika historia hugeuka tarakimu. Ningekuwa na bibi aliyenyamaza miaka sitini juu ya jambo moja, ningeandika riwaya, na nisingetumia jina lake.

Kwa kisa kinachopingwa na wenye nguvu, historia kwanza, hata kama ndoto yako ni filamu. Filamu iliyotangulia historia hushambuliwa kwa kosa dogo la vifungo vya sare, na kosa hilo hutumiwa kuikana damu yote.

Davis alianza na filamu ndipo akaandika kitabu, na mpangilio huo ulimfaa kwa sababu mashahidi wake walikuwa wamenyamaza zaidi ya miaka mia nne na kitabu cha Coras kilikuwa kinamsubiri maktabani. Mashahidi wako hawasubiri. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, nenda kawarekodi. Andika tarehe ya mahojiano, jina la aliyesema, na alikuwa wapi siku ya tukio. Tenganisha alichokiona kwa macho yake na alichokisikia kwa wengine. Usimsahihishe anapokosea mwaka. Andika alichosema, kisha weka maelezo yako pembeni. Muulize kama anaridhia jina lake litumike, na kwa kazi ya aina gani. Riwaya, filamu na historia zote tatu zinaweza kutoka katika kanda hizo, ila hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoweza kukurudishia kanda ambazo hukuzirekodi.